Sura ya Sita: Ngao ya Mtu wa Kushoto

Mzee aliomba sinia. Tulikuwa watatu katika kibanda cha chai pale Isinya: yeye, mimi, na mjukuu wake wa kike aliyekuwa amefunga chuo. Mezani palikuwa na vikombe vitatu na kitabu kinene chenye jalada lililochanika pembeni. Kwa jioni nyingi binti huyo alikuwa akimsomea babu yake. Anapitia ukurasa kimyakimya kwa Kiingereza, halafu anausimulia kwa Kimaa. Sasa walikuwa wamefika pale ambapo askari wa Sparta wanajipanga kwenye njia nyembamba kati ya mlima na bahari, na mzee ameona kwamba mjukuu hajaielewa ngao. "Mama, hebu nipe hilo sinia," akamwambia mwenye kibanda.

Alilishika kwa mkono wa kushoto, kiwiko kimekunjwa, akanivuta nisimame kushotoni kwake, bega kwa bega. Kisha akalisogeza sinia mpaka nusu yake ikafunika kifua changu. Lilikuwa bado na majimaji ya chai, yakanidondokea shatini. "Nusu ni yangu, nusu ni yako," alisema. "Mimi nikikimbia, anayekufa ni wewe. Na ubavu wangu huu," akaupiga ubavu wa kulia kwa kiganja, "unamngoja wa huku." Huko kulia palikuwa na ukuta wa mabati tu, na kalenda ya mwaka uliopita.

Mzee ni wa rika la Iseuri. Ngao ya baba yake, elongo, aliiona kwa macho yake utotoni: ngozi ya nyati, ndefu, imechorwa kwa rangi nyeupe, nyekundu na nyeusi. Nilipotaka kusema kwamba basi Wamaasai na Wasparta walipigana kwa namna moja, alinikatiza. La, elongo ni ya mtu mmoja. Mwenyewe anajikinga nayo, na anakwenda mbio. Akanyamaza, akalirudisha sinia mezani, akakaa. "Lakini ile michoro, sirata, si yake. Ni ya wenzake. Ukiitupa, umewatupa wao."

Kuna kisa kwa Plutarch, Myunani wa kale, ambacho mwandishi wa riwaya ile amekijengea nyumba nzima. Demaratus, mfalme wa Sparta aliyekuwa uhamishoni, aliulizwa kwa nini mtu aliyepoteza ngao vitani huaibishwa, na aliyepoteza kofia ya chuma au dirii haaibishwi. Akajibu kwamba kofia na dirii mtu huvaa kwa ajili ya nafsi yake, bali ngao huibeba kwa ajili ya safu nzima. Plutarch hakupata kuiona elongo. Mzee wa Isinya hakupata kumsoma Plutarch. Jibu walilifikia kila mtu kwa njia yake, mmoja kwa chuma na mwingine kwa rangi.

Riwaya yenyewe ni Gates of Fire ya Mmarekani Steven Pressfield, iliyotoka mwaka 1998. Inahusu Thermopylae, mwaka 480 kabla ya Kristo, siku tatu ambazo mfalme Leonidas na Wasparta 300, pamoja na Wayunani wengine, walilizuia jeshi la Uajemi lililoongozwa na Xerxes. Wa Thespiae wapatao 700 walibaki nao mpaka mwisho, ingawa sinema na mabango huwasahau. Nchini Marekani kitabu hiki kimewekwa katika orodha za kusomwa na kikosi cha Marines, na maafisa vijana hukisoma wakitafuta humo nidhamu na ujasiri.

Wasomaji wa Kajiado niliozungumza nao kwa miaka kadhaa hawakukawia sana kwenye ujasiri. Waliuchukua kama jambo linalojulikana. Walichouliza ni habari za watu: nani alikula na nani, nani alichunga na kulima wakati vijana wako vitani, nani aliwafulia mikuki, na ardhi ya waliokufa ilikwenda kwa nani. Naamini wamekisoma vizuri kuliko wengi waliokisifu magazetini, na sura hii naiandika kwa sababu hiyo.

Lazima kwanza niseme Uyunani ulitufikiaje. Kiswahili kina majina mawili ya nchi ile. Ugiriki ni ile ya ndege na watalii. Uyunani ni ya kale, jina lililopitia kwa Waarabu kutoka Ionia, na kwa Wakenya wengi limeingia nyumbani pamoja na Biblia. Mtu wa Kitengela ambaye hajawahi kufungua kitabu cha historia anawajua Wakorintho, Wafilipi na Wathesalonike. Anajua kwamba Paulo alisimama Areopago, mjini Athene, akazungumza juu ya madhabahu ya Mungu asiyejulikana. Shuleni tukaongezewa Athens ya Historia na Serikali, ikiwa imepangwa pamoja na Cairo na Kilwa: sababu za kukua kwake, sababu za kuanguka kwake, jibu kwa nukta. Mwalimu wangu mmoja alitufundisha kwamba Wayunani ndio walioanza kufikiri, na hakuna aliyeinua mkono. Nilikuwa mtoto wa miaka kumi na minne, na nilibeba maneno hayo kwa muda mrefu kuliko nilivyopaswa. Ali Mazrui, mwana wa Mombasa, ndiye aliyenitua mzigo huo. Katika mhadhara wake wa Makerere uliochapishwa Nairobi mwaka 1967 alichunguza nafasi ya Uyunani wa kale katika fikra za kisiasa za Afrika, na jinsi ustaarabu ule ulivyofanywa mali ya Ulaya kisha ukatumiwa kutupimia sisi.

Kwa hiyo msomaji wetu anapokutana na Leonidas, anafika na swali ambalo msomaji wa Chicago halazimiki kuwa nalo: mimi niko upande gani wa vita hivi?

Aliyenionyesha uzito wa swali hilo ni mwalimu wa somo la dini ya Kikristo, Kajiado mjini. Alisoma nusu ya kitabu akimchukia Xerxes kama alivyotakiwa. Ndipo akagundua kwamba Xerxes huyo ndiye Ahasuero. Yule yule wa kitabu cha Esta, aliyetawala toka Bara Hindi mpaka Kushi, majimbo 127, aliyemfukuza Malkia Vashti na kumwoa binti wa Kiyahudi. Wataalamu wengi wanakubali kwamba ni mtu mmoja. Mwalimu alisimamisha kusoma kwa wiki nzima. Alikuwa amemfundisha Ahasuero kwa miaka kumi na tano kama mfalme mwenye hasira za haraka lakini anayesikia, na sasa anamkuta kwenye kiti cha enzi juu ya kilima akitazama watu wake wakichinjwa. "Nilimwona mara mbili," aliniambia. "Nyumbani kwake, na kazini kwake."

Kushi pia imo katika jeshi hilo. Herodotus, aliyeandika habari za vita hivi miongo michache baadaye, anawataja Waethiopia waliofuatana na Xerxes: wamevaa ngozi za chui na za simba, wana pinde ndefu na mikuki yenye ncha za pembe za paa, na wanapokwenda kupigana hujipaka nusu ya mwili chokaa na nusu nyingine rangi nyekundu. Nimesoma sehemu hiyo kwa sauti mbele ya watu wa Bissil, na hakuna aliyehitaji kuelezwa. Chokaa na rangi nyekundu wanazijua kwenye ngozi za kaka zao. Kijana mmoja aliuliza kama Waethiopia wale walirudi kwao. Herodotus hasemi.

Pwani yetu ilikwisha kulijibu swali la upande kwa namna yake. Mwaka 1728 huko Pate, Mwengo wa Athumani alitunga Utendi wa Tambuka, unaoitwa pia Chuo cha Herekali, na Herekali huyo ni Heraclius, mfalme wa Warumi wa mashariki waliosema Kiyunani. Humo Myunani ndiye adui anayetoka kaskazini na jeshi kubwa lisilohesabika, na wachache wenye imani ndio wanaomkabili. Ukiuweka utendi huo kando ya Gates of Fire utaona pande zimebadilishana mahali, na mapigo ya moyo ni yale yale. Tangu nilipoliona hilo sijamlaumu msomaji anayesita kumshangilia Leonidas.

Hata hivyo wasomaji wa Kajiado wanampenda Leonidas. Wanampenda kwa sababu wanamjua. Mambo yanayomshangaza msomaji wa ng'ambo, wao wanayapita kama mtu anavyopita mlango wa jirani. Mavazi mekundu. Wavulana waliotolewa kwa mama zao na kulelewa kwa rika. Wanaume wasiokula peke yao: Msparta alipaswa kula mezani na wenzake kila jioni, na moran, kijana shujaa wa Kimaasai, haruhusiwi kunywa maziwa akiwa peke yake, wala kula nyama mbele ya wake za watu, na nyama yenyewe huliwa porini, olpul, kwa pamoja. Wazee wanaoamua, vijana wanaotii. Na nywele.

Herodotus anasimulia kwamba Xerxes alimtuma mpelelezi mmoja juu ya farasi akawachungulie Wasparta. Akawakuta nje ya ukuta, wengine wakifanya mazoezi, wengine wakichana nywele zao ndefu. Mfalme akacheka. Demaratus, yule yule wa kisa cha ngao, akamwonya kwamba watu hawa hutengeneza nywele zao wanapojiandaa kufa. Wamarekani wengi niliosoma maoni yao huiona sehemu hii kuwa ya ajabu. Yule binti wa Isinya alipoifikia alifunga kitabu, akamwambia babu yake neno moja tu: Eunoto. Katika sherehe hiyo nywele ndefu za moran, zilizosukwa na kupakwa rangi nyekundu kwa miaka, hunyolewa, na anayenyoa ni mama yake mzazi. Vijana hulia. Wengine hutetemeka mpaka washikwe. Kwa hiyo mbele ya Wasparta wanaochana nywele, msomaji wa Kajiado hujiuliza ni mama gani atakayezinyoa, na kwa vile anajua mwisho wa vita, anajua kwamba hakuna.

Si mara ya kwanza mtu kulinganisha. Mwanazuoni Mfaransa Henri Jeanmaire, katika kitabu chake cha mwaka 1939, aliitazama Sparta kwa kutumia desturi za jando na marika za Afrika, akisema kwamba wavulana wa Kiyunani hawaeleweki bila kuangalia huku. Mwaka 2018 UNESCO iliingiza sherehe za marika za Kimaasai, Enkipaata, Eunoto na Olng'esherr, katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa haraka. Kitu ambacho kwa Sparta kinasomwa vitabuni, Kajiado bado kina watu wanaokikumbuka miilini mwao, na wanakiona kikipungua.

Lakini ulinganisho una mahali unapovunjika, na waliopaonyesha ni wasomaji wenyewe. Sparta ilikuwa na wafalme wawili. Wamaasai hawakuwa na hata mmoja. Zaidi ya hapo, Sparta ilikuwa na maheloti. Hawa walikuwa Wayunani wenzao, wengi wao watu wa Messenia waliotekwa na kufungwa kwenye ardhi yao wenyewe, wakilima ili Wasparta wapate nafasi ya kuwa mashujaa. Kila mwaka viongozi wa Sparta walitangaza rasmi vita dhidi yao, ili kumwua heloti isihesabike kuwa dhambi. Pressfield hawafichi. Lakini ni rahisi kuyapita mateso yao unaposukumwa na hadithi kuelekea mlangoni pa moto.

Fundi mmoja wa kuchomelea mageti huko Kitengela hakuyapita. Ni mtu wa Ilkunono, ukoo wa wahunzi, ambao tangu zamani walifua mikuki na simi za wengine huku hao wengine wakikataa kuoana nao, na hata kujipaka mafuta mikononi kabla ya kushika chuma kilichotoka kwao. Alinirudishia kitabu na karatasi iliyokunjwa mahali pamoja tu, penye heloti. Tukazungumza karibu na jenereta, tukipaza sauti. Aliniuliza kama wale maheloti waliokufa Thermopylae waliandikwa popote. Nikamwambia anachosimulia Herodotus: baada ya vita Xerxes aliwaruhusu mabaharia wake kuja kutazama maiti, na waliokuja walidhani wote waliolala pale ni Wasparta na wa Thespiae, kumbe maheloti nao walikuwamo. Fundi alivuta miwani yake ya giza akaivaa. "Basi siku hiyo walikuwa sawa," alisema, akarudi kwenye geti.

Kitengela si mji wa ukoo mmoja, na hapo ndipo riwaya hii ilipopata wasomaji ambao sikuwatarajia. Wakati wa uhuru hapa palikuwa malisho ya Wamaasai wa Kaputiei, na mahali penyewe panaitwa bado Noonkopir na wenyeji. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu humo zaidi ya watu 150,000. Wametoka Kisii, Machakos, Murang'a, Kisumu, Bonde la Ufa. Kuna wanaofanya kazi viwandani Athi River, kuna wanaodamka saa kumi usiku kuwahi matatu za Nairobi. Wengi wana ploti ya hamsini kwa mia na nyumba ambayo haijamalizika.

Msimulizi wa Gates of Fire si Msparta. Anaitwa Xeones, mtoto wa mji mdogo uliochomwa na majirani zake alipokuwa mvulana. Anatangatanga milimani na binamu yake, mikono yake inaharibiwa kwa misumari kwa kosa la wizi wa chakula, na mwishowe anaingia Sparta kama mtu wa kuokota, mbeba silaha wa bwana mwingine. Kwa msomaji wa Kimaasai, Xeones ni macho tu ya kutazamia mashujaa. Kwa mama mmoja mwuguzi, aliyefika Kitengela mapema mwaka 2008 na watoto wawili na begi moja, Xeones ndiye kitabu chote.

Alikinunua kwa shilingi 150 kwenye vitabu vilivyotandazwa chini jijini, akidhani ni cha dini kwa sababu ya jina. Alisoma kwenye matatu, Mlolongo foleni ikisimama. Ukurasa wa mji kuchomwa aliusoma, akashuka kituo kisicho chake. Nilimwuliza kama hakuona vibaya kwamba Xeones anawapenda Wasparta, watu wasiomhesabu kuwa mmoja wao. Alifikiri. Akasema kwamba mtu aliyekwisha kuona nyumba yake ikiungua hapendi mji kwa sababu umempokea. Anaupenda kwa sababu una ukuta. Kisha akasema jambo lililonikaa zaidi. Sparta haikuwa na ukuta, na hilo lilimsumbua kitabu kizima, kwa kuwa ukuta wake walikuwa wale wanaume, na wale wanaume walikuwa wanakufa.

Kuhusu wanawake yeye na binti wa Isinya hawakupatana, ingawa hawajawahi kukutana. Mimi ndiye niliyebeba maneno kati yao. Herodotus anasema Leonidas aliwachagua wanaume wenye wana walio hai, ili nyumba zisizimike. Pressfield anaongeza sababu ya kubuni: mfalme aliwachagua kwa kutazama wake na mama zao, kama wataweza kubeba msiba mbele ya nchi nzima bila kuanguka. Mwuguzi alilia hapo, akaona ndiyo heshima kubwa kuliko zote. Binti alikasirika. Aliona ni mzigo mwingine uliovishwa jina la heshima: mwanamume anakufa mara moja, naye mwanamke anaambiwa amechaguliwa kwa sababu anajua kunyamaza. Akanikumbusha kwamba ni mwaka 2013 tu ndipo mwanamke wa Kimaasai, Peris Tobiko, alipochaguliwa mbunge kwa mara ya kwanza, na ni hapa hapa, Kajiado Mashariki. Mimi niko upande wa binti. Lakini sikumwambia mwuguzi hivyo, wala sitaki aambiwe.

Na Ephialtes? Kila msomaji ana neno juu ya Ephialtes, mtu wa kwao hapo hapo aliyewaonyesha Waajemi njia ya nyuma ya mlima ili alipwe. Kitengela nzima inamwita kwa jina moja: dalali. Nimelisikia kwa kinyozi, kwa mwuguzi, kwa kijana wa bodaboda ambaye alikuwa ameona sinema ya 300 iliyoingia kumbini mwaka 2007 na hajasoma hata ukurasa. Mtu anayeijua njia ya mbuzi kwa sababu alizaliwa pale, anakwenda kuiuza kwa mgeni mwenye pesa, usiku, bila kuwauliza wenzake. Hawakuhitaji kufafanuliwa, kwa sababu kila boma lina mtu wake wa namna hiyo, na wengine ni binamu zao.

Hapa ndipo nilipoelewa swali la ardhi lilikotoka.

Sheria ya mwaka 1968 iliwapa Wamaasai wa Kajiado ranchi za vikundi: ardhi moja, hati moja, majina mengi. Kuanzia miaka ya 1980 ranchi hizo zikaanza kugawanywa, kila mwanachama aliyeandikwa akapewa kipande chake na hati yake. Wengi waliofurahi walikuwa na sababu nzuri, kwani hati ya mtu mmoja haiwezi kuliwa na kamati. Lakini walioandikwa walikuwa hasa wanaume wakubwa wa maboma, na hati ikishakuwa mfukoni mwa mtu mmoja, mtu mmoja anaweza kuiuza. Waliuza ekari kumi kwa ada ya shule, ishirini kwa hospitali, na nyingine kwa gari lililokufa baada ya mwaka. Nyaya za ua zikasimama. Nyumbu waliokuwa wakitoka mbuga ya Nairobi kwenda kuzaa kwenye nyanda za Kaputiei walipungua kutoka zaidi ya 25,000 mwishoni mwa miaka ya 1970 hadi chini ya 5,000 kufikia mwaka 2011. Vijana wa maboma hayo wamekuwa walinzi wa usiku kwenye ploti zilizokuwa malisho ya babu zao. Nimewaona, wakiwa na rungu na tochi, wakilinda matofali.

Pressfield anamaliza kitabu chake kwenye utukufu, na ni haki yake, kwani alikuwa akisimulia siku tatu. Mzee wa Isinya hakuridhika kumaliza hapo. Siku mjukuu alipofika ukurasa wa mwisho walinipigia simu, nikaenda, tukakaa meza ile ile. Alitaka kujua Sparta ikoje sasa. Nikamweleza nilichojua. Wakati wa Thermopylae, kwa hesabu anayoiweka Herodotus kinywani mwa Demaratus, Sparta ilikuwa na wanaume kama 8,000 wenye haki kamili. Zaidi ya miaka mia moja baadaye Aristotle aliandika kwamba hawafiki hata 1,000, ilhali nchi yao ingeweza kulisha askari 30,000. Hakukuwa na vita vilivyowamaliza, ingawa katika vita vya Leuctra, mwaka 371 kabla ya Kristo, walikufa 400 katika 700 waliokwenda. Ardhi ilikuwa imekusanyika mikononi mwa wachache. Msparta asiyeweza kupeleka mchango wake wa shayiri, divai, jibini na tini kwenye meza ya wenzake alitolewa mezani, na akitolewa mezani si Msparta tena. Walikuwa bado hai, lakini safu haikuwa na watu.

Mzee alisikiliza huku amefumba macho. Aliniuliza nani alianza.

Nikamsimulia anavyosema Plutarch. Palikuwa na kiongozi mmoja aliyeitwa Epitadeus, mtu mwenye nguvu na mwenye hasira. Aligombana na mwanawe. Hapo kale shamba la Msparta lilikwenda kwa mwana, na baba hakuweza kulipeleka kwingine. Epitadeus, kwa kumkomoa mtoto wake, akapitisha sheria kwamba mtu anaweza kumpa yeyote ampendaye shamba lake, akiwa hai au kwa wosia. Wengine wakaikubali kwa tamaa. Baada ya vizazi vichache walibaki Wasparta wasiozidi 700, na wenye mashamba kati yao labda 100. Akatokea mfalme kijana, Agis, akataka kuigawa upya ardhi. Wakamwua, mwaka 241 kabla ya Kristo.

Mama wa kibanda alikuwa ameacha kuosha vikombe. Nje, lori la ng'ombe lilipita kuelekea barabara ya Namanga. Binti alinyoosha jalada la kitabu kwa kidole pale lilipochanika.

"Huyo mwana," mzee akasema hatimaye, "aliyegombana na baba yake. Alikwenda kuishi wapi?"

Plutarch hakuandika. Nilimwambia hivyo. Akatikisa kichwa, akalivuta sinia lililokuwa mezani, akaviweka juu yake vikombe vyote vitatu, kimoja kimoja, akampelekea mama mwenyewe.